Namna ya Kuandika Kalenda Yako ya Ndege na Wadudu wa Mashambani Uingereza

Kila mwaka, kuanzia baridi inapolegea mwezi wa Machi, maswali yale yale hunijia kutoka kwa wazungumzaji wenzangu wa Kiswahili waliohamia Uingereza. Yule ndege mweusi anayepiga kelele juu ya paa jioni ni nani? Yule kipepeo wa njano ametoka wapi mwezi wa Februari ilhali maua bado hayajafunguka? Mbona mbayuwayu walikuwa wengi Jumapili na leo hayupo hata mmoja? Ninunue kitabu gani na darubini ya aina gani? Maswali haya yote nayajibu kwa njia moja, nayo ndiyo mwongozo huu: kabla ya kununua chochote na kabla ya kukariri majina, chagua njia moja ya mashambani, uipite kila wiki kwa mwaka mzima, na uandike ulichokiona siku ile ile. Anayetembelea hifadhi kumi maarufu mara moja moja huona mengi, lakini majira hayamwelei. Majira huonekana kwa mtu anayerudi pale pale.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta daftari dogo lenye jalada gumu, pamoja na penseli mbili. Chagua penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka karatasi ikilowa, na nchi hii karatasi hulowa mara kwa mara. Darubini iwe ya 8x42 (yaani inakuza mara nane, na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita 42), maana inakuza vya kutosha, haitikisiki sana mkononi na hupokea mwanga wa kutosha asubuhi yenye mawingu. Iliyotumika inafaa kabisa, mradi vioo vyake havina ukungu kwa ndani. Jipatie pia ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, ya kipimo cha 1:25,000 ya eneo lako, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha njia za umma na hata mipaka ya mashamba. Vaa viatu vya mpira au vya ngozi visivyopitisha maji, suruali ndefu na koti la mvua lisilopiga kelele unapotembea. Kitabu kimoja cha ndege na kimoja cha wadudu vinatosha, na vyote viwe vya Uingereza pekee, kwa sababu kitabu cha Ulaya nzima kitakuonyesha aina nyingi usizoweza kukutana nazo na kukuvuruga.

Kwa wanaotoka kwetu nitangulize maneno mawili. La kwanza ni saa. Daftari liandikwe kwa saa za hapa, za mfumo wa 24, kwa kuwa kumbukumbu iliyoandikwa "saa kumi" haitafahamika baada ya miaka mitatu kama ilikuwa alfajiri au mchana. La pili ni majina ya majira. Neno vuli kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na kipupwe ni baridi ya Juni na Julai, wakati Uingereza iko katikati ya kiangazi. Andika mwezi na tarehe, nawe utaepuka mkanganyiko wote huo.

Hatua za kufuata

1. Chagua njia. Iwe na urefu wa kilomita moja hadi mbili, uweze kuimaliza kwa saa moja ukitembea taratibu, na iwe karibu na nyumbani kiasi kwamba hutatafuta kisingizio cha kutokwenda. Njia nzuri hupita penye mambo manne: ua wa vichaka vya miiba unaotenganisha mashamba, maji yoyote hata kama ni mfereji, uwanja wa majani usiokatwa mara kwa mara, na miti michache mikongwe. Zizi la ng'ombe au banda la zamani likiwepo, bora zaidi, kwa sababu hapo ndipo mbayuwayu hujenga.

Hakikisha kwamba njia hiyo ni halali. England na Wales, njia za umma za waendao kwa miguu huwekewa mishale ya njano, na zile zinazoruhusu pia farasi na baiskeli huwekewa mishale ya buluu. Scotland ina sheria yake ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita katika sehemu kubwa ya mashamba, mradi apite kwa uangalifu. Kila lango uliache ulivyolikuta. Ukikuta ng'ombe wenye ndama, pita mbali nao, na usikate katikati ya mama na mtoto hata kama njia inapita hapo.

2. Igawe njia katika vipande. Vipande vinne hadi sita vinatosha: ua wa kwanza, daraja, uwanja, msitu mdogo, banda. Kila kipande kipe herufi, uichore ramani yake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na usibadilishe mpangilio huo katikati ya mwaka. Hatua hii huonekana ya kitoto, na wengi huiruka. Hata hivyo ndiyo itakayokuonyesha mwezi wa Agosti kwamba vipepeo wako wote wako kipande C, na kwamba kipande C ndicho pekee ambacho mkulima hajakikata.

3. Panga siku na saa. Ndege huonekana na kusikika vizuri zaidi saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza, ilhali wadudu husubiri joto. Watu wanaohesabu vipepeo katika mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 1976 hutembea kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba, kati ya saa 10:45 na 15:45, na hawahesabu joto likiwa chini ya nyuzi 13. Likiwa kati ya 13 na 17 husubiri jua liwe linawaka sehemu kubwa ya matembezi. Huhesabu wale tu wanaoingia katika nafasi ya mita tano mbele yao na mita mbili na nusu kila upande. Fuata utaratibu huo huo, na hesabu zako za wiki moja zitalinganika na za wiki nyingine. Kama huna nafasi ya kwenda mara mbili kwa wiki, nenda wiki moja alfajiri na wiki ya pili mchana.

4. Anza na masikio kabla ya majani kuota. Mwezi wa Februari na Machi miti bado iko uchi, na ndege anayeimba unaweza kumwona. Mei anakuwa sauti tu ndani ya majani. Jifunze sauti moja kila wiki na usizidishe. Wa kwanza kumtafuta ni ndege mdogo wa kijani kibichi kilichofifia, ambaye Waingereza humwita chiffchaff kwa sababu hulitaja jina lake mwenyewe bila kuchoka, chif-chaf-chif-chaf, kuanzia katikati ya Machi. Ndugu yake anayefanana naye kama pacha, willow warbler, hufika Aprili kutoka Afrika ya kitropiki, na wimbo wake ni sauti nyororo inayoteremka kama maji yanayomwagika ngazini. Kwa macho utawachanganya, lakini kwa masikio huwezi.

Programu za simu zinazotambua sauti, kama Merlin, zinasaidia sana, nami huitumia. Hata hivyo usiandike daftarini ndege ambaye simu ndiyo iliyomsikia na wewe hukumsikia. Simu ikikutajia jina, simama, sikiliza mpaka umpate, kisha ndipo uandike.

5. Jifunze kuwatenganisha warukaji wanne wa angani. Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo karibu kila mtu wetu hukosea, na lugha ina mchango wake katika kosa hilo. Tumezoea kuwaita mbayuwayu ndege wote wanaokamata wadudu wakiwa angani, na kumbe Uingereza wapo wanne wenye ratiba nne tofauti. Mwaka wangu wa kwanza niliandika "mbayuwayu" kuanzia mwisho wa Machi hadi Oktoba, na nilipotaka kujua ni nani aliondoka lini, daftari halikuwa na jibu lolote. Mwaka mzima wa kumbukumbu ulinipotea.

Mbayuwayu wa zizini ana mgongo wa buluu iliyokolea inayong'aa, koo jekundu lililoiva, na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Hutua kwenye nyaya na huruka chini kabisa juu ya majani. Wengi hufika Aprili na kuondoka Septemba. Yule anayejenga kiota cha tope chini ya upenuo wa nyumba ana nyonga nyeupe kabisa, na hiyo ndiyo alama ya kutafuta anapogeuka. Wa tatu ni wa rangi ya udongo, mwenye mkanda wa kahawia kifuani. Huchimba mashimo kwenye kingo za mchanga za mito, naye ndiye hutangulia wenzake, mara nyingi mwezi wa Machi. Wa nne ni teleka, ambaye si wa ukoo wao hata kidogo. Ni mweusi mzima isipokuwa koo, mabawa yake yamepinda kama mundu, hatui kwenye waya kamwe, na jioni za Juni hukimbizana kwa makundi juu ya mapaa wakipiga mayowe. Hufika mwanzoni mwa Mei, na kufikia wiki za kwanza za Agosti wengi wao wameshaondoka kuelekea Afrika. Kwa hiyo "mbayuwayu" waliotoweka ghafla mwanzoni mwa Agosti kwa kawaida walikuwa teleka.

Safari ya mbayuwayu yenyewe ilithibitishwa na pete ndogo ya chuma. Ndege aliyevishwa pete Staffordshire mwezi wa Mei 1911 aliokotwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, na hapo ndipo Waingereza walipopata uhakika kwamba kiumbe mwenye uzito wa takriban gramu 20 huvuka Sahara kwenda na kurudi.

6. Tembea na orodha fupi ya kila majira. Usijaribu kutambua kila kitu. Tarajia wachache kwa jina, na wengine watajitokeza wenyewe.

Mwisho wa Februari na Machi, siku ya kwanza yenye jua lenye joto, tafuta kipepeo wa njano ya limau anayepita kando ya ua. Huyu amelala baridi yote akiwa kipepeo kamili, amejificha ndani ya mitambaazi ya ivy, na mabawa yake yamechongoka kama jani. Siku hiyo hiyo simama chini ya mti wa willow uliochanua vishada vyake vya manyoya. Utasikia mngurumo kabla ya kumwona malkia wa nyuki mkubwa mwenye manyoya, kitako chake kikiwa na rangi ya ngozi iliyofifia. Mtazame kwa karibu: hukumbatia kishada kwa miguu yote sita, huzunguka akikanyaga chavua mpaka tumbo lake linakuwa la manjano, na anapochoka hushuka na kuruka polepole sentimita chache juu ya ardhi, akichungulia tundu moja baada ya jingine. Anatafuta shimo la panya lililoachwa, ili aanzishe koloni humo. Usimkanyage wala usimzuie, maana mwezi huo kila malkia unayemwona anabeba koloni nzima peke yake.

Aprili huleta kipepeo dume mweupe mwenye ncha za mabawa za rangi ya chungwa, na katikati ya mwezi kuendelea unaweza kumsikia kekeo, ambaye ni wa ukoo mmoja na dudumizi wetu. Jike lake hutaga katika viota vya ndege wengine wadogo. Tangu mwaka 2011 shirika la utafiti wa ndege la BTO limekuwa likiwafungia kekeo vifaa vinavyofuatwa kwa setilaiti, na imeonekana kwamba wengi hupitisha baridi katika misitu ya bonde la Kongo. Kekeo waliokomaa huanza kuondoka Juni, kwa hiyo usipomsikia kabla ya hapo, mwaka umepita. Idadi yao imepungua sana, na kuanzia mwaka 2009 yumo katika orodha nyekundu ya uhifadhi, yaani ya ndege walio hatarini zaidi, ambamo teleka naye aliingizwa mwaka 2021.

Mei amka mapema mara moja tu, uwe njiani kabla ya saa 04:30. Ndege wote wa eneo lako wataimba kwa pamoja kwa muda wa saa moja hivi. Huhitaji kuwatenganisha siku hiyo.

Juni na Julai ni za kereng'ende. Kagua mabua yaliyo kandokando ya maji upate magamba makavu walimotokea, yakiwa yameshikilia bua kwa kucha. Usiku wa Juni, penye majani marefu na pasipo taa, kimulimuli jike asiye na mabawa huketi chini na kuwaka kijani kibichi bila kumetameta. Julai hadi Agosti vipepeo hufikia kilele chao. Miongoni mwao tafuta mmoja wa rangi ya chungwa iliyopauka, mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe. Kitaalamu ni Vanessa cardui, ndiye yule yule tunayemwona Afrika Mashariki. Hawezi kustahimili baridi ya Uingereza, hivyo kila mwaka huingia upya kutoka kusini, vizazi kadhaa vikipokezana safari. Mwaka 2009 na 2019 waliingia kwa wingi mno.

Septemba hesabu mbayuwayu kwenye nyaya, na utazame ivy inapochanua, kwa kuwa ndiyo meza ya mwisho ya mwaka kwa nyuki, nyigu na vipepeo. Yumo nyuki mwenye mistari ya rangi ya chungwa iliyofifia aliyeonekana Uingereza mara ya kwanza mwaka 2001, huko Dorset, na ambaye sasa ameenea mbali. Kuanzia Oktoba hufika ndege wa matunda kutoka Skandinavia, wakubwa kiasi cha njiwa mdogo, wakivamia vichaka vyenye matunda mekundu. Kati ya Novemba na Februari, kama unaweza kufika Somerset wakati wa machweo, utaona kwezi kwa maelfu mengi wakigeuka angani kama moshi kabla ya kushukia kwenye matete.

7. Andika siku ile ile, na uandike sifuri. Kila ukurasa uwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, joto, upepo, jua au mawingu, kisha kila kipande na idadi zake. Ulipotarajia mdudu na hukumwona, andika 0. Mwenye daftari lisilo na sifuri hawezi kujua kama kipepeo hakuwepo au yeye ndiye hakutazama. Kurasa za nyuma ziwe na jedwali lenye safu tatu: jina, tarehe ya kwanza, tarehe ya mwisho. Tarehe ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu hakuna anayejua kwamba anamwona mbayuwayu wa mwisho. Basi kila unapomwona kuanzia Septemba, futa tarehe ya zamani uandike mpya. Robert Marsham alianza kuandika dalili za namna hii huko Norfolk mwaka 1736, na familia yake ikaendelea hadi 1958. Kumbukumbu hizo bado zinatumiwa na wanasayansi kupima jinsi majira yanavyosogea.

8. Ipeleke kumbukumbu inakohitajika. Ndege wapeleke BirdTrack na wadudu iRecord, tovuti zinazopokea kumbukumbu za watu wa kawaida. Zote mbili ni bure. Mahali pataje kwa namba za gridi za ramani, herufi mbili na tarakimu sita, ambazo hutaja mraba wa mita 100. Tumia jina la Kilatini au la Kiingereza, kwani la Kiswahili hubadilika kutoka Mombasa hadi Bukavu.

Makosa ya kuepuka

Usikaribie kiota ili upige picha. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika, na baadhi ya ndege, kama mdiria na bundi wa mabandani, ni kosa hata kuwasumbua wakiwa kiotani. Usipige sauti zilizorekodiwa ili kumwita ndege wakati wa kuzaliana, kwa kuwa dume huacha kulisha makinda akimtafuta mpinzani asiyekuwepo. Kivuli chako kisimwangukie kipepeo. Mwendee huku jua likiwa mbele yako. Baada ya kila matembezi kagua nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani kama kuna kupe, umtoe kwa kibano karibu kabisa na ngozi. Ukiona wekundu unaotanuka mahali hapo katika wiki zinazofuata, mwone daktari, kwa sababu kupe wa hapa huweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme.

Mambo yasipokwenda ulivyotarajia

*Nimetembea wiki tatu na sioni kitu.* Punguza mwendo kwa nusu. Kisha chagua kipande kimoja, simama mbele ya maua dakika 15 bila kusogea, na uhesabu kila mdudu anayetua.

*Ndege wameacha kuimba Julai.* Hawajaondoka. Wengi wamemaliza kuzaa na wanabadilisha manyoya, hivyo hujificha. Watafute kwa macho kwenye vichaka vyenye matunda.

*Nimekosa wiki nne kwa sababu ya kazi.* Usijaze kwa kukisia. Andika "sikwenda", uendelee.

*Kipepeo ameamka ndani ya nyumba yangu Januari.* Joto la nyumba ndilo lililomdanganya. Mweke taratibu kwenye boksi la karatasi lenye upenyo wa hewa, uliache mahali pa baridi kwa nusu saa atulie, kisha mhamishie kwenye banda au gereji isiyo na joto, mahali atakapopata upenyo wa kutokea Machi.

*Mbayuwayu wa banda letu hawajarudi, na tayari ni mwisho wa Aprili.* Upepo wa kaskazini huwachelewesha Ufaransa na Hispania, kwa hiyo subiri hadi katikati ya Mei. Wakati huo kagua kama mlango au dirisha walilolipitia mwaka jana limezibwa. Kama limezibwa, mwombe mwenye banda aache upenyo wa kiganja kimoja juu ya mlango, na mahali palipo karibu pabaki na tope bichi, maana kiangazi kikianza na ukavu hukosa la kujengea.